Hewala Niliyompa Ma

Siku tatu kabla hajatutoka, mdogo wangu Mize aliniuliza swali nililokuwa nikilikwepa kwa zaidi ya miaka hamsini. Tulikuwa Madungu, nyumbani kwa mwanawe, katika chumba cha uani chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Alikuwa amelala ubavu, kanga imemfika kiunoni, na ile bangili yake nyembamba ya fedha ilikuwa imeteremka hadi kwenye vidole, maana mkono ulikwisha nyama. Nilikuwa nikimlisha uji wa mchele kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu.

"Dada, yule bibi wa Kihindi alikwambiani siku ile alipokuja kwetu Wambaa?"

"Alituaga. Alisema kwaheri."

"Kwaheri gani ya maneno mengi vile? Mie nilikuwa mdogo, dada. Sikuwa kiziwi."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akafumba macho akingoja. Nikamwambia naenda kuupasha moto uji. Uji ulikuwa bado wa moto. Nikasimama jikoni kwa watu, bakuli mkononi, nikiukumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mitano, mwaka niliojifunza Kikachi, lugha ya yule bibi wa Kihindi. Nimesikia watu wakisema kuwa lugha ya wageni hujifunzwa kwa kitabu au kwa mapenzi. Kitabu sikuwa nacho. Mapenzi, kama yalikuwepo, yalikuja nyuma kabisa, wakati hayana faida tena. Mimi nilijifunza kwa hofu, neno kwa neno, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Sitasimulia hapa jinsi baba na mama walivyotutoka. Hayo yana mahali pake. Itoshe kusema kwamba arubaini ya mama ilipokwisha, wakubwa walikaa ukumbini wakatugawa. Raya, aliyekuwa na miaka kumi, aende kwa shangazi Mkoani. Mize, wa miaka minne, aende kwa mjomba. Mimi nitafutiwe mume. Ami yangu akanigeukia: "Sivyo, Zuhura?" Nikainamisha kichwa nikajibu, "Hewala, ami." Kisha sikuwapeleka. Wiki ya kwanza Raya alikuwa na homa, wiki ya pili njia ilikuwa na matope, wiki ya tatu hakuna aliyeuliza tena. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto mwenzako unaweza kumwambia aka, hata ukamtolea ulimi. Mkubwa haambiwi la. Mkubwa akisema, unainama, unasema hewala, siku zinapita, na yeye kwa utu uzima wake anafahamu kuwa jambo halikukubalika, wala haulizi mara ya pili. Heshima yake imebaki, na yako imebaki. Hakuna aliyetwambia kwamba wako watu ambao kwao hewala ni neno zito kama hati.

Niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikapata kazi ya nyumbani Mtambile, kwa Bwana Jafari mwenye duka la nguo na mafuta ya taa. Alfajiri nilimfunga Mize mgongoni, nikamwacha Raya kwa jirani yetu Bi Hadia hadi saa ya chuo cha Kurani, nikashika njia. Kutoka Wambaa ni mwendo mrefu, na msimu ule karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kila penye uwazi, harufu yake imekaa kooni mpaka ukimeza mate unaisikia. Duka lilikuwa mbele, likitazama barabara. Nyuma yake ukumbi mwembamba uliojaa magunia, kisha ua wa saruji, jiko kushoto na chumba cha Ma kulia. Ma ndiye mama wa Bwana Jafari. Chumbani kwake kulikuwa na bembea, ubao mpana ulioning'inizwa darini kwa minyororo minne ya shaba. Sikuwa nimepata kuona bembea ndani ya nyumba, tena ya mtu mzima. Ma alikaa juu yake tangu asubuhi, mguu mmoja ameukunja, wa pili akijisukuma nao kwa kidole gumba, na minyororo ikilia kwii, kwii, kutwa nzima. Kutoka jikoni nilimjua kwa mlio ule. Akifurahi, ulikwenda polepole. Akikasirika, ulikwenda mbio. Ukinyamaza, moyo wangu ulinyamaza nao.

Bwana Jafari aliletwa Pemba angali mtoto, kwa ami yake, akakulia Mtambile. Ukimsikia nyuma ya pazia ungedhani ni mtu wa kwetu Wambaa anayebishana bei ya pweza. Mkewe, Bi Shirini, alikuja kwa meli akiwa bibi harusi, naye alikuwa na Kiswahili cha kutumia mikono: leta, veka, hapana hivi. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Ma alikuwa amekuja miaka miwili tu nyuma, baada ya kufiwa na mumewe huko Kachi, Bara Hindi, na katika Kiswahili alikuwa na maneno yasiyozidi vidole: njoo, maji, basi, na hewala. Hili la mwisho alilipata kupitia pazia la duka, maana wateja walimwitikia hivyo mwanawe siku nzima. Saa sita mimi na Mize tulipewa sahani zetu mbili za bati tukala kwenye kizingiti cha jiko, chapati nyembamba kama kitambaa, dengu ya manjano, na kijiko cha achari ya embe iliyomfanya Mize akunje uso, afumbe macho, kisha aombe tena. Ma alikuwa akiinamisha shingo kutoka kwenye bembea ili amwone akikunja uso. Mimi aliniita Juhura. Mize alimwita Mije.

Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Walikuwa wakizungumza mbele yangu kama mbele ya kinu. Maneno yalipita juu ya kichwa changu, marefu, ya haraka, na ghafla ndani yake nikasikia Mije. Kisha tena Mije. Nilipoinua macho, walikuwa wakimtazama. Jambo lile linatisha kuliko matusi, kulisikia jina la mtoto wako katika lugha usiyoijua.

Siku moja baada ya chakula, Ma alimpandisha Mize kwenye bembea, akamtia mafuta ya nazi kichwani, akaanza kumchana. Akaniita. Nikaenda nikasimama mbele yake, mikono imenuka vitunguu. Akasema maneno mengi, taratibu, mkono wake juu ya kichwa cha Mize, macho yake kwangu. Bi Shirini alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa mtandio. Sauti ya Ma ilipanda mwishoni, ikakaa juu, nikajua nimeulizwa. Nilichokisikia katika yote yale ni Mije tu. Nikafanya nilivyofunzwa, nikainama.

"Hewala, Ma."

Bembea ikasimama. Ma akaivua bangili yake ya fedha mkononi, ikimshika kwenye kifundo, akainyoosha kwangu. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama mama alivyotufundisha kupokea cha mkubwa. Ma akambusu Mize kwenye paji la uso. Bi Shirini akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Jioni ile nilimwonyesha Bi Hadia bangili. Aliigeuza, akainusa, akanirudishia.

"Kakuuliza nini?"

"Sijui, Bi Hadia."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nilisema hewala."

"Kwa jambo usilolijua!" Akapiga makofi mara moja, akajishika kiuno. "Mwanangu, hata mbuzi wa kafara huvishwa kitambaa shingoni, akadhani kapendwa. Watu hawana mtoto, wanakupa fedha, wewe wasema hewala. Huijui mumiani weye? Hukusikia watoto wanavyopelekwa Bombei, wakatundikwa miguu juu, wakachuruzwa damu ikafanywa dawa?"

Leo mumiani ni hadithi ya kuchekea, na naona haya kuandika kwamba niliiamini. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kila mtu mzima niliyemjua aliiamini, na Mize alikuwa amelala mapajani kwangu, shingo yake nyembamba imejaa harufu ya mafuta ya watu wale. Sikupata usingizi. Kumwuliza Bwana Jafari sikuweza. Mwari haanzi maneno na mwanamume mwenye nyumba, tena ningekuwa namwambia kwamba mama yake alisema nami sikufahamu, nikamjibu hovyo. Na kama ni mumiani kweli, angeniambia? Kesho yake nilimwacha Mize kwa Bi Hadia nikaenda peke yangu. Ma hakugusa chakula. Bembea haikulia tangu asubuhi. Mchana Bi Shirini akanijia jikoni, akanionyesha kimo cha mtoto kwa kiganja. "Kesho kuja na huyu. Bila huyu, kazi hapana." Na ile kazi ndiyo iliyokuwa ikituweka pamoja. Siku tutakayolala na njaa, ami angerudi na mgao wake, na safari hiyo hewala isingetosha.

Basi nikamrudisha Mize, nikaamua kuwasikia. Sikuwa na njia nyingine. Nilikuwa na kinu, na nilikuwa na masikio. Nilipotwanga bizari nililishika neno moja lililopita uani, nikalitwanga pamoja, kila pigo neno, mpaka likakaa. Pani, maji. Ma mwenyewe alikuwa mwalimu bila kujua, kwa kuwa alikuwa na tabia ya wazee waliokaa peke yao, ya kuitangaza kila kazi kabla hajaifanya. Akichagua mchele aliuambia mchele. Akitafuta miwani aliiita. Jioni, nikichambua vikonyo vya karafuu na Raya barazani kwa Bi Hadia, nilimtajia maneno ya siku hiyo, naye akayaandika nyuma ya daftari lake la hesabu. Raya alidhani ni mchezo. "Leo umeniletea mangapi?" aliniuliza, kama mtu anayengoja kashata. Watoto wa jirani wakanipa jina, Mhindi wa Wambaa. "Mhindi, wauza nini leo?" Niliwaambia aka, nikaendelea kuchambua.

Kwa muda wa miezi miwili hivi, maneno yalikuwa kokoto. Halafu yakaanza kushikana. Nilitakiwa nisionyeshe, na hilo lilikuwa gumu kuliko kujifunza. Ma akitaka maji, mguu wangu ulitaka kwenda kabla hajayaomba kwa Kiswahili, nikaukanyaga kwa mguu wa pili. Siku moja Bi Shirini alikuwa ameinama anasukuma chapati, Ma akamwambia kutoka kwenye bembea, kwa Kikachi, "Maziwa yanamwagika." Nikaruka. Niliikamata sufuria kabla Bi Shirini hajageuka. Bembea ikasimama. Wote wawili wakanitazama, na maziwa yakinichoma vidole sikuthubutu kuiweka chini sufuria.

"Veve najua?" Bi Shirini aliuliza.

"Nimesikia harufu, bibi."

Hakukuwa na harufu. Ma alinitazama kwa muda mrefu. Kisha kwii, kwii, bembea ikaanza tena, polepole.

Nilichokisikia baada ya hapo sikukitarajia. Nilitegea mumiani, nikasikia watu wanaoogopa. Ulikuwa mwaka wa siasa za vyama. Watu walikuwa wamegawanyika hata kwa visima na kwa maziko. Aliyenunua kwenye duka hili hakuvuka kizingiti cha lile, na ndugu walipitana njiani bila salamu. Asubuhi mbili mlango wa duka ulikutwa umepakwa kinyesi. Nikausafisha mimi, kwa majivu na maji ya moto, Bwana Jafari amesimama nyuma yangu akisema, "Pole mwanangu, pole, wana haya watu hawa?" kwa Kipemba chake kizuri, kisha akaingia ndani nikamsikia akilia kwa Kikachi. Kikachi nilichojifunza mimi ni cha waoga. Nilijua funga kabla sijajua fungua. Nilijua nyamaza, nani yule, wamepita, usitoke. Nilikuwa mwoga nikiwategea sikio waoga wenzangu, ukuta mmoja katikati yetu, na kila upande ukidhani hatari iko upande wa pili.

Kisha ikaja alasiri moja Bwana Jafari alifunga duka mapema, akaingia chumbani kwa mama yake. Nilikuwa uani na kinu. Nikaendelea kutwanga, lakini pole. Nikalisikia neno la meli. Nikasikia Bombei. Nikasikia baada ya Idi, na vanj, kwenda, neno ambalo siku zile lilikuwa mdomoni mwao kila saa. Jumatano Mize apelekwe mjini Chake akapigwe picha ya cheti cha safari. Ma alitaja gauni na viatu, ambavyo vilikwisha nunuliwa. Bwana Jafari akauliza, "Na dada yake?"

"Dada yake alikubali," Ma akasema. "Nilimwuliza vizuri. Nilimwambia atasomeshwa, atakuwa mjukuu wangu, hatakuwa mtumishi. Akaniambia hewala."

Neno lile alilisema kwa Kiswahili, likakaa katikati ya Kikachi chake kama jiwe katika mchele.

Bwana Jafari alinyamaza. Nimekifikiria sana kile kimya chake, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyokielewa. Yeye alikulia Mtambile. Aliijua hewala yetu pengine kuliko mimi. Alijua kabisa kwamba msichana wa Wambaa aliyeinamisha kichwa mbele ya mtu mzima hajakubali kitu. Angemwambia mama yake, "Ma, ile haikuwa ndiyo." Lakini na yeye alikuwa mtoto wa mtu. Akasema tu, "Haya, Ma."

Nikaushusha mchi. Mumiani haikuwepo, damu haikuwepo, na hofu yangu haikupungua hata chembe. Ilibadilika tu. Zamani niliogopa kwamba watamwua. Sasa niliogopa kwamba watamtunza vizuri, mbali, asirudi, na kwamba aliyemtoa ni mimi, kwa adabu yangu.

Jumanne nilijaribu. Nilikwenda dukani, nikasimama kando ya meza, nikangoja wateja wapungue. "Bwana Jafari," nikasema. "Naam, mwanangu." Aliniangalia kwa macho mazuri ya uchovu, nadhani alijua nilichokuja nacho, akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa. "Kesho umvalishe mtoto mapema," akasema, "gari itakuja saa tatu." Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Wambaa. Yakafika kwenye meno, na ulimi wangu, ulimi ule ule uliofundishwa na mama, ukasema, "Hewala, bwana." Nikatoka. Nyuma ya magunia nikauma kanga nisisikike.

Jumatano gari ilikuja kweli. Bi Shirini alikuwa amemwosha Mize, amemvika gauni jeupe lenye mikunjo kifuani, soksi, na viatu vyeusi. Mize alikuwa akivitazama viatu kama wanyama wawili wadogo waliomkalia miguuni. Ma kwenye bembea, amevaa shali ya kutokea, ingawa yeye hakuwa akienda popote. Bwana Jafari mlangoni na kofia yake. "Njoo," Ma akamwambia Mize. Mtoto akapiga hatua moja. Nikamshika mkono.

Kwa Kiswahili nisingeweza. Nilikuwa nimekwisha kujaribu jana yake, na hata leo, mzee nilivyo, sijui kama ningeweza. Kila neno la Kiswahili nililokuwa nalo lilikuwa limekwisha inamishwa kichwa kabla halijanifikia. Lakini Kikachi sikufundishwa na mtu. Hakuna aliyenipiga kofi la mdomo kwa ajili ya Kikachi. Nikamtazama Ma usoni, jambo ambalo pia sikuwa nimepata kulifanya.

"Na, Ma," nikasema. La. Nikasema tena, "Na. Muji ben." Dada yangu huyu. Na mara ya tatu, kwa kuwa sasa neno lilikuwa limeanza kutoka na sikuweza kulizuia, "Na."

Bembea ikasimama. Barabarani dereva alikuwa akipiga honi. Bi Shirini aliushika mtandio wake kwa mikono miwili akajifunika uso mzima, na nilijua kwa nini. Mambo aliyoyasema jikoni mbele yangu juu ya mama mkwe wake yangeweza kujaza daftari lingine la Raya. Bwana Jafari aliitazama sakafu.

Ma akaniuliza, kwa Kikachi, "Tangu lini unatusikia?"

"Tangu maziwa," nikajibu kwa Kikachi.

Kitu fulani kilipita usoni mwake, karibu kiwe kicheko, kisha kikazimika. "Mimi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele ya Mungu, nawe ulijibu." Sikuwa na Kikachi cha kumweleza hewala. Sina hakika kama Kiswahili chenyewe kinacho. Nikabaki kutikisa kichwa, machozi yananiingia mdomoni. Akanyoosha kidole mlangoni. "Vanj," akasema.

Nikamvua Mize viatu na soksi, nikavipanga kizingitini. Gauni sikuweza kulivua, ndani hakuwa na kitu. Tukatembea hadi Wambaa, yeye mbele na gauni lake jeupe, akinigeukia kila hatua kumi. "Dada, hatwendi kwa gari?"

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kazi sina. Tulikula muhogo kwa chumvi, asubuhi na jioni. "Haya, Mhindi," Bi Hadia alisema akitusogezea bakuli la samaki ambalo hatukuliomba, "sasa hicho Kihindi chako mtakitia nazi?" Bangili ilikuwa bado kwenye pindo la kanga yangu, nimeisahau siku ile, na hilo liliniogopesha kuliko njaa, maana sasa nilikuwa nimevunja neno nikabaki na fedha yao. Kila sauti ya gari kutoka upande wa Mtambile nilidhani ni polisi, au ami amekwisha ambiwa. Raya alifundishwa kumwingiza Mize uvunguni mwa kitanda.

Gari ilipokuja ilisimama mbali, pale njia inapokwisha. Ma alishuka peke yake. Alivua makubadhi akayashika mkononi kwa ajili ya matope, akaja akitembea kama mtu anayevuka mto, Bwana Jafari amebaki kando ya gari na kofia mkononi. Hakujua kupiga hodi. Alisimama nje ya mlango wetu, akaita, "Juhura."

Nilitoka na bangili, nikaitoa kwa mikono miwili. Hakuipokea. Akachungulia ndani, akaona kitanda, akaona miguu ya mtoto chini yake. Akaingia, mwanamke yule mnene ambaye sikuwahi kumwona akiinuka bila kushikiliwa, akapiga magoti kwenye sakafu yetu ya udongo, akanyoosha mkono uvunguni na kumtoa Mize taratibu. Akamvika bangili. Ikateleza hadi kwenye kiwiko. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, alisema nami. Alisema kwa muda, bila kupandisha sauti, na kwa mara ya kwanza sikukosa hata neno moja. Akainuka kwa kushika nguzo, akaenda zake. Baada ya Idi duka lilikuwa na mwenyewe mwingine.

"Kasema nini?" Mize aliniuliza siku ile, na akaendelea kuuliza alipokuwa mwari, na alipozaa, na alipozika mume. Kasema kwaheri. Nilimjibu hivyo miaka yote kwa sababu niliogopa. Mize alichuma karafuu, alizaa watoto sita akazika wawili, hakupata kuvuka Chake. Kila nilipomwona amebeba ndoo, mgongo umepinda, nilimwona pia yule wa pili, mwenye soksi nyeupe, aliyesomeshwa. Nilimkatalia maisha hayo kwa neno moja la kigeni, na sikutaka ajue kwamba yalikuwepo.

Nilirudi chumbani na uji. Nikaketi kando yake nikamwambia yote, hewala na bangili na gari ya picha. Kisha nikamwambia maneno ya Ma, kwanza kwa Kikachi, nikashangaa yalivyokuwa mazima, halafu kwa lugha yetu. Alisema: "Mimi nilipokuwa na umri wa huyu, nilitolewa. Baba alikuwepo, mama alikuwepo, na kaka wanne, na hakuna aliyesema la. Akikua mwambie nilimtaka. Na mwambie alikuwa na mtu wa kumsemea la."

Mize akaizungusha bangili kwenye vidole. Tangini maji yalikuwa yakidondoka.

"Nawe hukuniuliza," akasema.

"Ulikuwa na miaka minne, Mize."

"Sasa sina minne. Niulize."

Nikadhani anatania. Hakuwa akicheka. Nikaweka bakuli chini, nikamwuliza kwa Kikachi, kama Ma alivyouliza, taratibu, sauti yangu ikapanda mwishoni ikakaa juu. Je, uende nao? Yeye ambaye hakujua hata neno moja la lugha ile alisikiliza mpaka mwisho, uso mtulivu. Kisha akainamisha kichwa juu ya mto, kama mama alivyotufundisha.

"Hewala, dada," akasema.

Tukacheka wote wawili mpaka akakohoa, na mwanawe akaja mbio mlangoni kuuliza kuna nini. Nimeirudia hewala ile kichwani tangu tulipomzika, nikiigeuza huku na huku, na ningali naogopa. Lakini mimi ndiye mkubwa wake, na kwetu mkubwa haulizi mara ya pili. Siku ile nikauchukua uji, nikaendelea kumlisha.